Cherehani ya mkono na mfarishi wa vipande: inafaa nyumba yenye mtoto anayetambaa?

Cherehani ya mkono ni ile nyeusi ya chuma yenye gurudumu upande wa kulia na mpini wa kuzungusha unaoliendesha gurudumu hilo kwa meno ya chuma. Haina kanyagio, haina mota, haijui Luku imeisha. Hapa tunaipima kwa kazi moja tu: kushona mfarishi wa vipande, lile shuka zito la tabaka tatu linalotokana na mabaki ya vitenge na kanga, ndani ya nyumba ambayo mtoto wa miezi kumi au miaka miwili yuko chini ya meza. Mwenye oda ya sare za shule au gauni la harusi la kesho asubuhi asome tathmini nyingine.

Jibu letu ni hili. Kwa kuunganisha vipande vya uso wa mfarishi, ni mashine nzuri kuliko inavyosifiwa. Kwa kushona tabaka tatu kwa pamoja, inachosha na matokeo yake ni ya wastani, na kuna njia bora ya kufanya bila mashine. Kwa usalama wa mtoto inazishinda za umeme na za kukanyaga, lakini si salama hivi hivi tu. Ina masharti yake, na masharti yenyewe ni mepesi.

Nyingi zinazouzwa mijini kwetu, zikiwemo Butterfly za China ambazo karibu kila fundi anazifahamu, zimefuata umbo la Singer ya darasa la 15, mtindo uliobuniwa mwishoni mwa karne ya 19. Faida yake kwa mnunuzi wa leo ni vipuri. Bobini (kigurudumu cha uzi wa chini), kesi ya bobini, springi ya tensheni inayokaza uzi na bati la sindano vinapatikana kwa wauza vifaa vya ushonaji, na fundi wa kuzitengeneza hakosekani. Sindano yake ni ile ya cherehani za nyumbani, yenye shina bapa upande mmoja. Taja hilo dukani, kwa sababu ukisema tu "naomba sindano ya cherehani" unaweza kupewa ya mashine za viwandani yenye shina la duara. Itaingia, skrubu itabana, na mashine itaruka stichi mpaka uichukie bure.

Mzunguko mmoja, stichi tatu

Kwa kawaida mpini ukizunguka mara moja sindano inashuka kama mara tatu. Weka mashine kwenye stichi 10 kwa inchi, ambacho ni kipimo kizuri kwa vipande vya pamba, uone hesabu inavyokuja. Kipande cha inchi 4 na nusu kina stichi 45, yaani mizunguko 15. Mfarishi wa mtoto wa inchi 36 kwa 48 ukishonwa kwa miraba ya inchi 4 (iliyokatwa inchi 4 na nusu, robo inchi ya kila upande ikiliwa na mshono) unataka miraba 9 kwa upana na 12 kwa urefu, jumla 108. Mishono mifupi ya kuunganisha miraba ndani ya safu ni 96. Mishono mirefu ya kuunganisha safu ni 11. Jumla ni kama inchi 830 za mshono, karibu mita 21, na mizunguko ya mpini isiyopungua 2,700.

Inatisha kwenye karatasi. Lakini mzunguko mmoja kwa sekunde ni mwendo wa kawaida kabisa, na kwa mwendo huo mizunguko 2,700 ni dakika 45. Kwa hiyo anayesema cherehani ya mkono ni ya polepole hajakosea, ila muda wa mfarishi hauliwi na kuzungusha. Unaliwa na kuchagua vipande, kukata, kupanga rangi, kubana pini na kupiga pasi. Mota haikusaidii kwenye hata kimoja kati ya hivyo.

Mapungufu ya kweli ni mkono. Wa kulia uko kwenye mpini, unabaki wa kushoto peke yake kuongoza kitambaa. Kwa mshono wa inchi 4 na nusu mkono mmoja unatosha. Kwa mshono wa inchi 36, safu mbili zinataka kupishana, na ukizivuta ili zilingane sindano inapinda na kuvunjika kwenye bati. Dawa yake ni pini: moja kwenye kila makutano ya mishono na moja katikati ya kila mraba, zikiwa zimelala kukatiza mshono, na kila moja ichomolewe kabla haijafika chini ya mguu wa mashine, kile chuma kidogo kinachobana kitambaa chini ya sindano. Wanaoshona juu ya pini wanasema hakuna neno. Siku sindano ikigonga pini ndipo wanaanza kutafuta ncha iliyoruka, na mtoto naye anatafuta.

Waliozoea mashine ya umeme wajue pia kwamba mpini unasukumwa kwenda mbele, upande wa pili, ndipo gurudumu lenyewe linakuja kwako. Ukianza kinyume, uzi unajikusanya chini kama kiota cha ndege na mara nyingine unakatika.

Mtoto yuko wapi

Mashine ya umeme ina kanyagio sakafuni. Mtoto anayetambaa atalifikia kabla hujamwona, na sindano itaanza kukimbia wakati vidole vyako viko chini yake. Ya kukanyaga ina gurudumu kubwa, mkanda na fimbo ya chuma vinavyozunguka kwa urefu uleule wa uso wa mtoto aliyeketi. Anavutiwa na kinachozunguka, anaingiza mkono. Ya mkono inakaa mezani na haina kitu chini. Ukiachia mpini, imesimama, na hakuna mwendo unaobaki kwenye mguu.

Masharti sasa. Mashine hii ni chuma tupu, zaidi ya kilo 10 pamoja na kitako chake. Usiiweke juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama atakishika. Iweke mbali na ukingo, kwenye meza isiyoyumba, na chini yake utandike kipande cha raba au blanketi lililokunjwa mara mbili. Blanketi hilo linafanya kazi ya pili: linameza mlio. Meno ya mpini yana kelele ya chuma ambayo mtoto aliyelala chumba cha pili anaisikia, na mlio wenyewe unatoka zaidi kwenye meza kuliko kwenye mashine yenyewe.

Kila unapoinuka, hata kama ni kwenda kupunguza moto chini ya sufuria, legeza ile skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu. Ni ileile inayolegezwa wakati wa kujaza bobini. Ikilegea, mpini unazunguka lakini sindano haitembei. Mtoto aliyepanda kiti atazungusha hadi achoke na sindano haitasogea. Ukirudi, kaza, endelea. Kama utaondoka kwa zaidi ya dakika kumi, funika kwa boksi lake la mbao na ulifunge.

Pini ziwe na idadi. Chagua 24, zenye vichwa vya rangi, na uzihesabu kila unapomaliza. Sumaku ya spika mbovu inazishika vizuri na inaziokota sakafuni. Ikipungua moja, mtoto hashushwi chini mpaka ipatikane. Vipande vya sindano zilizovunjika viingie kwenye chupa yenye mfuniko, si kwenye ndoo ya taka anayoipekua.

Mafuta ya taa ambayo mafundi hutumia kusafishia mashine iliyoganda yasikae nyumbani kwenye chupa ya soda au ya maji. Watoto huyanywa. Nunua kidogo, tumia, yaliyobaki yaondoke.

Mabaki: kilo moja inatosha

Watu wengi hubeba gunia zima kutoka kwa fundi, kisha gunia linakaa uvunguni mwaka mzima. Piga hesabu kwanza. Miraba 108 ya inchi 4 na nusu ni eneo la kama mita moja na nusu za mraba, na kwa kitenge cha pamba cha kawaida uzito wake ni kama gramu 200 tu. Kilo moja ya mabaki inatosha hata kama zaidi ya nusu itakataliwa. Na itakataliwa. Kwenye mfuko wa fundi utakuta bitana, satini, lesi, jezi, kola zenye gundi, na mikia ya kitambaa yenye upana wa kidole.

Kitenge kinachoandikwa "wax" si lazima kiwe pamba. Chota maji kwenye beseni, shika uzi mmoja kwa kibano, uwashe juu ya maji hayo, mtoto akiwa amelala. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na jivu lake linasagika kwa vidole. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu. Usivichanganye kwenye mfarishi mmoja. Pasi inayonyoosha pamba inakunja poliesta, na baada ya kufuliwa mara kadhaa pamba inakuwa imeingia wakati jirani yake hajabadilika, ndiyo maana utaona uso umejaa makunyanzi yaliyoanzia kwenye mraba mmoja tu.

Kanga inaruhusiwa, lakini ni nyembamba kuliko kitenge. Kanga kwa kanga, sindano namba 12. Kitenge kwa kitenge, namba 14. Ukizichanganya tumia 14 na uweke kanga chini, upande wa meno ya mashine yanayosukuma kitambaa, kwa kuwa ikikaa juu mguu unaisukuma mbele na inamaliza mshono ikiwa imezidi. Jinzi iache. Makutano manne ya jinzi ni ukuta.

Fua mabaki yote kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kionekane kigumu na kizito. Ukikifua ndipo unajua umepata nini. Bluu iliyokolea na nyekundu zilowekwe peke yake, kisha uzibane kwa kitambaa cheupe kibichi. Kikipata rangi, fua tena. Kikipata rangi mara ya tatu, kipande hicho kiwe cha kufutia mashine.

Jambo ambalo wengi hulipita ni mwelekeo wa nyuzi. Mabaki ya fundi yametoka kwenye shingo, kwapa na mikono, kwa hiyo kingo zake karibu zote zimekatwa mshazari. Ukichora mraba kwa kufuata ukingo huo, utapata mraba unaovutika kama mpira, na mshono utakuwa wa mawimbi hata ukiongoza vizuri namna gani. Shika kipande kwa mikono miwili, kivute. Kikivutika, geuza kidogo, vuta tena. Upande unaokataa kuvutika ndio nyuzi zilipolala, na ukingo wa kipimo chako, yaani kiolezo cha mraba unachochorea, ulale hapo.

Kipimo chenyewe usikate kwenye boksi la karatasi, au ukikata, kibadilishe kila baada ya miraba kama 30, kwa sababu chaki inakula pembe zake na mraba unapungua bila kuonekana. Mfuniko wa ndoo ya aiskrimu ni bora. Unakatika kwa mkasi mkali na hauliki. Chora kwa chaki iliyochongwa, kata ndani ya mstari, si juu yake.

Robo inchi

Mshono wa mfarishi ni robo inchi, si nusu inchi ya gauni. Bati la mashine hizi mara nyingi halina alama. Teremsha sindano kwa mkono, pima robo inchi kutoka kwenye ncha yake kwenda kulia, na ubandike plasta tabaka mbili au tatu pale. Ukingo wa kitambaa utegemee ukingo wa plasta. Kisha shona miraba mitatu, uipige pasi na uipime: iwe inchi 12 na nusu kamili. Ikiwa 12 na robo, mshono wako ni mpana mno, sogeza plasta. Usiseme kosa ni dogo. Mshono mmoja ukizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi tu, unakula mara mbili yake kwa sababu una kingo mbili, na kwenye safu yenye mishono minane umepoteza inchi nzima. Safu ya jirani, uliyoishona siku mtoto amelala vizuri, haikupoteza. Hazitakutana.

Shona mfululizo. Jozi ya kwanza ikipita, usikate uzi: zungusha mara moja mashine ikiwa tupu, ingiza jozi ya pili, na kuendelea, mpaka upate kamba ya bendera. Anza kila mfululizo na kitambaa chakavu cha inchi mbili, kwa kuwa stichi za mwanzo ndizo zinazomezwa na meno. Cherehani ya mkono inalipenda jambo hili kwani haina haraka ya kupita ukingo na kukimbilia hewani. Mtoto akilia katikati ya mfululizo, achia palepale. Sindano ishuke ndani ya kitambaa kabla hujainuka, na ukirudi hata stichi moja haitakuwa imehama.

Jozi zilizokamilika ziingie kwenye beseni lenye mfuniko kwa mpangilio wa safu, kila safu imetungwa kwa kikwasi kimoja. Kupanga miraba 108 sakafuni katika nyumba yenye mtoto ni kazi ya kufanya mara mbili. Piga picha kwa simu mara tu unapomaliza kupanga, kisha okota safu moja moja.

Pasi usiipige mchana, hasa ya mkaa. Mshono mfupi unaweza kuulaza kwa mgongo wa kijiko cha chuma, ukausugua kutoka upande wa ndani. Kwa pamba inatosha kuendelea. Usiku ndipo pasi ipite juu ya safu zote kwa mara moja: safu ya kwanza mishono ilale kushoto, ya pili kulia, ya tatu kushoto. Ukizikutanisha, mgongo wa mshono mmoja unaingia kwenye bonde la mwingine, unausikia kwa kidole ukijifunga, na hapo hata pini zinapungua. Ukilaza yote upande mmoja, makutano yanakuwa tabaka sita upande mmoja na mawili upande mwingine, mguu wa mashine unapanda mlima na stichi zinakuwa fupi.

Tabaka tatu: hapa mashine inashindwa

Chini ya uso kuna ujazo na mgongo. Kwa mgongo hakuna kitu kizuri kama kanga moja, nusu ya doti. Ina kama sentimita 150 kwa 110, inatosha kubaki na inchi mbili za ziada kila upande wa uso wa inchi 36 kwa 48, na inchi hizo ndizo zitakunjwa mara mbili kuja mbele kuwa pindo, bila kukata utepe wowote. Jina la kanga linabaki mgongoni, linasomeka mtoto akigeuza. Na si jambo geni: husimuliwa kwamba leso za kwanza za pwani zilikuwa vitambaa vya mkononi vilivyokatwa kutoka kwenye jora na kushonwa pamoja, sita sita.

Ujazo uwe blanketi jepesi lililochakaa, lililofuliwa, lisilo na matundu. Pamba ya poliesta inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya sofa ni nyepesi kubeba lakini inajisogeza ndani kama haikushikwa karibu karibu, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa hakuna sababu ya kuitafuta. Kwa Mbeya, Njombe au Limuru, sawa.

Ukitaka kushona tabaka hizi kwa cherehani ya mkono, itabidi ulegeze skrubu iliyo juu ya nguzo ya mguu ili mgandamizo upungue, ubadilishe sindano iwe namba 16, na urefushe stichi hadi 7 au 8 kwa inchi. Hata hivyo meno yanasukuma tabaka la chini tu. La juu linabaki nyuma, na ukifika mwisho wa mstari utakuta kanga ya mgongoni imekunjwa pale usipoona. Mkono mmoja hauwezi kutandaza mfarishi na kuubana kwa wakati mmoja. Nafasi kati ya sindano na nguzo ya mashine nayo ni ndogo. Mfarishi wa mtoto ukiviringishwa unapita. Wa kitanda cha futi tano kwa sita unajazana na kuvuta sindano pembeni.

Kwa hiyo tunashauri mafundo. Tandika kanga uso chini, blanketi, kisha uso wa mfarishi ukitazama juu, vyote vikiwa vimevutwa kwa usawa. Piga bandi kwa nyuzi ndefu kutoka katikati kwenda nje, si kutoka pembe, maana ukianzia pembeni upepo wote unafungiwa katikati. Chukua uzi wa pamba wa kudarizi, sindano yenye tundu kubwa, na kwenye kila makutano ya miraba minne choma kushuka, toka kando yake kwa umbali wa punje ya mchele, rudia mara ya pili, kisha funga: kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia. Uzi wa nailoni unateleza na kujifungua, usiutumie. Makutano ya ndani ni 88, fundo moja ni kazi ya chini ya dakika moja. Ni kazi inayoweza kufanyika mkekani, mtoto akicheza upande wa pili wa chumba, mafundo matano leo, kumi na mbili kesho. Mikia usiiache nje. Ipitishe kwa sindano ndani ya blanketi, uikate ikiwa imevutwa ili irudi na kupotea. Mtoto wa meno mapya anatafuna kila kinachoning'inia.

Kwa sababu hiyohiyo mfarishi wa mtoto mdogo haupambwi kwa vifungo wala shanga. Na aliye chini ya mwaka mmoja halazwi na mfarishi hata kama ni mwembamba, kwa hatari ya kumfunika pua na mdomo. Mpaka hapo utandikwe chini, achezee juu yake ukimwona.

Yanayoharibika na kwa nini

Malalamiko makubwa ni matanzi upande wa chini wa kitambaa. Watu wanakimbilia kesi ya bobini na bisibisi. Mara nyingi kosa liko juu: uzi ulipitishwa mguu ukiwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vya tensheni vimefungana na uzi unapita juu yake badala ya katikati yake. Inua mguu, toa uzi wote, upitishe upya. Ukiona uzi wa chini umechomoza juu ndipo ulegeze tensheni ya juu, robo mzunguko kwa wakati.

Stichi kuruka: sindano butu, imewekwa kinyume au haikusukumwa hadi mwisho wa tundu. Uzi unaingia kutokea upande wenye mfereji mrefu, daima. Kwa mfarishi mmoja badilisha sindano walau mara moja, hasa ukishaanza kusikia mlio wa "tap" kila inapochoma.

Mashine kuwa nzito mkononi: vumbi la pamba chini ya meno, au mafuta ya kupikia. Ya kupikia yanalainisha siku ile, kisha yanaganda kama gundi. Tumia mafuta ya cherehani pekee, tone moja kila tundu, zungusha, futa, na ushone kwanza kwenye kitambaa chakavu, la sivyo tone litatua kwenye kanga.

Ukiwa dukani

Ya mkono ni nafuu kuliko ileile yenye meza na kanyagio, kwa kuwa hulipii miguu ya chuma. Ya zamani iliyotunzwa inaweza kuwa bora kuliko mpya iliyopakwa rangi vizuri, hivyo usinunue kwa kung'aa. Nenda na vipande vinne vya kitenge chako na nyuzi za rangi mbili, moja ya juu na moja ya bobini. Shona vipande viwili kwanza, halafu vinne kwa pamoja. Rangi ya chini isionekane juu, wala ya juu isionekane chini. Pitisha ukucha kwenye tundu la bati la sindano: ukikwama, kuna mkwaruzo utakaokata uzi kila siku. Msasa laini unauondoa, lakini uondolewe kabla hujalipa. Shika kesi ya bobini kwa ncha ya uzi wake na uiache ining'inie: ikae, na ukiitikisa ishuke kidogo. Ikianguka moja kwa moja imelegea, ikikataa kabisa imekaza. Legeza skrubu ya gurudumu uone kama sindano inasimama kweli, kwa sababu kwako hicho ndicho kifungo cha usalama. Tikisa mpini kushoto na kulia. Ukicheza sana, meno yake yameliwa.

Muuzaji anaweza kukwambia, "Dada, hiyo ukiizoea itakaa sawa." Mwombe aikalishe sawa yeye, palepale, kisha umpe vile vipande vinne ashone tena.